Binti wa miaka 12, mgongo digrii 31: je, mazoezi peke yake yatatosha?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tanga. Binti yangu ana miaka 12, bado hajavunja ungo. Shangazi yake alipomshonea gauni la Idi aliona pindo linapanda upande mmoja, akapima tena na tena, kumbe si gauni. Eksirei ya kwanza ilionyesha mgongo umepinda digrii 22 kwenda kulia, usawa wa kifua. Wakasema tusubiri. Miezi saba baadaye imefika 31, na daktari wa mifupa ameandika bresi, gamba gumu la plastiki la kushika kiwiliwili, avae saa 18 kwa siku. Karatasi ya majibu nimekutumia. Binti analia, hataki. Bibi yake anasema achuliwe kwa mafuta, na kuna mtu hapa mtaani anaahidi kumnyoosha kwa mazoezi na kumvuta, miezi mitatu tu, bila bresi. Je, mazoezi peke yake hayatoshi? Ni mimi niliyemharibu kwa kumbeba mgongoni na kumwachia begi zito la shule? Na ataweza kuzaa?

JIBU: Marahaba, mama. Mimi si daktari wa upasuaji, ni mfiziotherapia, mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa na watoto wenye migongo kama wa binti yako. Naanza na swali lako kubwa: kwa mtoto wa umri huo, mwenye mpindo wa digrii 31 ambao umeshaonyesha kwamba unaongezeka, mazoezi peke yake hayatoshi. Bresi ndiyo inayoshika mgongo, mazoezi yanaisaidia. Nitakueleza kwa nini, maana huwezi kumshawishi mtoto kwa jambo ambalo wewe mwenyewe hujaliamini.

Kwanza jitoe lawama. Kumbeba mgongoni kwa kanga hakukumpinda, begi la shule halikumpinda, wala kulala vibaya au kukaa kwa kujikunja. Begi zito linaweza kumchosha mabega, lakini halizungushi pingili za uti wa mgongo. Aina hii ya skoliosisi, yaani mgongo kupinda kwenda upande, inayoanza mtoto anapokaribia kubalehe, chanzo chake hakijulikani hadi leo. Inaelekea kufuata damu, kwa hiyo kama binti yako ana wadogo zake, waangalie nao: mtoto ainame kama anayerukuu, magoti yamenyooka, mikono imening'inia, wewe ukae nyuma yake usawa wa mgongo. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, mpeleke akapimwe. Daktari William Adams wa London alieleza kipimo hicho mwaka 1865, na mpaka leo ndicho tunachoanza nacho.

Sasa hizo digrii. Kipimo kinaitwa Cobb, kwa jina la daktari wa Marekani aliyekitangaza mwaka 1948. Mpimaji anachora mstari juu ya pingili iliyoinama zaidi upande wa juu wa mpindo, na mwingine chini ya ile iliyoinama zaidi upande wa chini, kisha anapima pembe kati yao. Chini ya digrii 10 hatuiiti skoliosisi. Watu wawili wakipima eksirei ileile wanaweza kutofautiana hadi digrii 5, kwa hiyo mzazi akiniambia mpindo umetoka 24 hadi 27 sishtuki. Lakini kutoka 22 hadi 31 ni digrii 9, hiyo si tofauti ya rula.

Kwenye karatasi uliyonitumia kuna neno ambalo pengine ulilipita: Risser 0. Ni alama ya ukingo wa mfupa wa nyonga, inayotoka 0 hadi 5 na kutuonyesha mifupa imekomaa kiasi gani. Sifuri maana yake safari ya kukua bado ndefu. Ukiongeza na kwamba hajavunja ungo, inaelekea ile miezi ya kurefuka kwa kasi, pale ambapo gauni la leo linakuwa fupi kabla halijachakaa, iko mbele yake au ndiyo imeanza. Mgongo uliopinda hupinda zaidi katika miezi hiyohiyo. Ndiyo maana daktari wako hakusema tusubiri mara ya pili, na mimi nakubaliana naye kabisa.

Kwamba bresi inafanya kazi hatusemi kwa mazoea tu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 25 za Marekani na Kanada, kwa watoto wa miaka 10 hadi 15, wenye mpindo wa digrii 20 hadi 40, ambao mifupa yao bado ilikuwa inakua. Binti yako angeingia humo bila shida. Wengine walivaa bresi, wengine waliangaliwa tu. Lengo lilikuwa mtoto amalize kukua bila kufika digrii 50, ambapo upasuaji huwa unazungumzwa. Waliovaa bresi, 72 katika kila 100 walifanikiwa. Walioangaliwa tu, 48. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine bresi.

Ona kwamba karibu nusu ya wasiovaa chochote nao hawakufika 50. Nakueleza hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiko ushuhuda mwingi wa mitaani unakotoka. Mtoto alichuliwa, mgongo haukuongezeka, sifa zikaenda kwa mchuaji. Huenda mtoto huyo angebaki hivyohivyo bila kuguswa. Hakuna anayeweza kukuambia leo kama binti yako yumo kwenye nusu hiyo, na kwa mpindo uliopanda digrii 9 ndani ya miezi saba mimi siwezi kumbahatisha.

Lakini kitu kilichonibadilisha mimi katika utafiti ule ni saa. Ndani ya bresi za watoto wale kulikuwa na kifaa kidogo kinachopima joto la mwili, kwa hiyo saa za kuvaa zilijulikana zenyewe, haikuwa lazima kuuliza mtoto wala mzazi. Waliokuwa wanavaa saa zisizozidi 6 kwa siku walipata matokeo yaleyale ya wasiovaa kabisa. Waliovaa wastani wa saa 13 na kuendelea, 90 au zaidi katika kila 100 walifanikiwa. Mama, dozi ya dawa hii ni saa. Bresi iliyoning'inizwa msumarini haitibu, hata ingekuwa imetengenezwa na fundi bora duniani. Daktari ameandika 18. Siku ambayo binti amefika 14 usimgombeze, siku ambayo amefika 5 ujue hiyo siku imepotea.

Na mategemeo yako yawe wapi? Bresi haiahidi kuunyoosha mgongo. Akiwa ameivaa, eksirei itaonyesha mpindo umepungua sana, pengine nusu. Akiivua baada ya miaka miwili au mitatu, sehemu ya unafuu huo hurudi. Tunachopigania ni kwamba akimaliza kukua awe karibu na alipo leo, au chini kidogo. Mpindo ulio chini ya digrii 30 mtu anapokomaa kwa kawaida hutulia. Uliozidi 50 huendelea kuongezeka hata ukubwani, mara nyingi kama digrii moja kwa mwaka. Anayekuahidi mgongo ulionyooka kama rula ndani ya miezi mitatu anakuuzia kitu ambacho hana.

Nije kwenye mazoezi, kwa sababu sitaki uyadharau. Ni nusu ya riziki yangu na nayapenda. Jina utakalolisikia zaidi ni Schroth. Katharina Schroth alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1894, na mgongo wake mwenyewe ulikuwa umepinda. Usichanani alivishwa bresi ya chuma. Aliutazama mpira uliobonyea, akawaza: kama hewa inausukuma ule upande ulioingia ndani, kwa nini pumzi isisukume upande wa kifua changu uliobonyea? Akajifundisha mbele ya vioo. Mwaka 1921 akafungua kituo kidogo Meissen, na mwaka 1961 yeye na binti yake Christa wakahamia mji wa Sobernheim, ambako kazi hiyo iliendelea.

Kwa binti yako zoezi litakuwa hivi. Anakaa kwenye stuli mbele ya kioo, nyayo zimekanyaga sakafu. Anajirefusha kama mtu anayevutwa utosi. Mpindo wake uko kulia, kwa hiyo mbavu za kulia nyuma zimetuna na za kushoto zimebonyea. Anarudisha kiwiliwili katikati, halafu anavuta pumzi akiielekeza kwenye ule upande wa kushoto uliobonyea, mimi nikiwa nimeweka kiganja pale ili ajue pumzi iende wapi. Anapotoa pumzi anakaza misuli na kulishika umbo hilo bila kuliachia. Dakika tano za mwanzo watoto huniambia ni rahisi. Baada ya dakika ishirini fulana imelowa.

Kuna jaribio la Italia lililochapishwa mwaka 2014, la vijana 110 wenye mpindo usiofika digrii 25. Waliofanya mazoezi maalumu ya kujisahihisha walipungua kwa wastani wa digrii 5 hivi. Waliofanya mazoezi ya kawaida walibaki palepale. Kwa hiyo kwa mpindo mdogo, naam, mazoezi ya aina hii tunaanza nayo bila bresi, na pengine wakati ule wa 22 ndio ulikuwa wakati wake. Kwa 31, Risser 0, yanaingia chini ya bresi: yanamfundisha kuutambua mgongo wake, yanaiweka misuli hai ndani ya plastiki, yanalinda pumzi, na siku bresi itakapotoka anabaki na kitu cha kujishikilia.

Ndiyo maana usimpe mazoezi ya kwenye simu. Mpindo wa kulia kifuani na wa kushoto kiunoni haiendi na zoezi moja. Zoezi la mtoto mwingine linaweza kusukuma mbavu zake upande zisikotakiwa. Atafutiwe mfiziotherapia anayeweza kukuonyesha kwenye eksirei ya binti yako mwenyewe kwa nini amechagua hili na ameacha lile. Kuogelea baharini, kukimbia, rede na wenzake, vyote afanye, vinamjenga mwili na moyo. Visihesabiwe tu kuwa tiba ya mpindo.

Kuhusu bibi. Mwambie kwa heshima kwamba mafuta yake hayakatazwi: jioni bresi ikiwa imevuliwa amkande mabega na miguu, mtoto atafarijika na bibi naye atakuwa ndani ya tiba. Masharti ni mawili. Ngozi ioshwe na kukaushwa kabla bresi haijarudi, kwa sababu ngozi yenye mafuta hulainika na kuchubuka. Na asiivute wala kuigandamiza mifupa. Pingili hazikuteguka hata zirudishwe. Zimekua zikiwa zimezunguka. Huyo wa mtaani anayevuta, hasara yake kubwa ni miezi mitatu. Miezi hiyo huwezi kuinunua tena, kwa sababu mtoto atakuwa ameshakua.

Bresi yenyewe itengenezwe kwa kipimo cha mwili wake, kwa plasta au kwa kupigwa picha ya umbo, na mtaalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi. Mafundi hao tunao. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha watu wa nchi nyingi za Afrika. Ile mikanda ya mpira ya kurudisha mabega nyuma inayouzwa madukani na mitandaoni haihusiani na jambo hili. Baada ya kama mwezi mmoja, apigwe eksirei akiwa ameivaa. Hapo ndipo utajua. Kama mpindo wa 31 ndani ya bresi umeshuka hadi karibu na 15 au 20, bresi inashika. Kama unaonyesha 29, mtoto anateseka bure. Irudishwe kwa fundi iongezwe pedi au itengenezwe upya. Usione haya kuuliza namba hiyo. Omba pia eksirei zipigwe akiwa amegeuza mgongo kwenye mashine, ili mionzi iwe kidogo kwenye matiti yake yanayoanza kuota.

Sasa joto la Tanga, ambalo vitabu vya Ulaya havilijui. Chini ya bresi avae fulana ya pamba inayobana, ndefu hadi kwenye makalio, isiyo na mshono ubavuni. Ukikosa, igeuze mshono uwe nje. Awe nazo tano au sita. Moja ya kubadilisha iingie kwenye begi la shule, saa ya mapumziko avae kavu. Plastiki ifutwe kila siku kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Wekundu pale pedi inapokandamiza ni wa kawaida ikiwa unafifia ndani ya nusu saa baada ya kuvua. Malengelenge au ngozi iliyochubuka, vua, na piga simu kwa fundi siku hiyohiyo, usingoje kliniki. Chakula ale kidogokidogo mara nyingi, maana tumbo limebanwa.

Asianze na saa 18 siku ya kwanza. Avae kwa muda wa saa mbili tatu mchana, kesho aongeze, kufikia wiki ya pili alale nayo. Usiku ndio hazina yako: akilala kwa muda wa saa tisa, nusu ya kazi imekwisha bila mtu kumwona na jua halipo. Ratiba ambayo imewafaa watoto wengi wa pwani niliowahudumia: anavua asubuhi kuoga, anavaa kwenda shule, anavua saa tisa na nusu alasiri. Hapo anaoga, anafanya mazoezi yake, anacheza, anakaa na bibi. Saa mbili usiku, baada ya chakula, anavaa hadi asubuhi. Swala za mchana, kurukuu na kusujudu ndani ya plastiki ni vigumu. Avue, aswali, avae.

Hayo yote yanategemea yeye mwenyewe, na hapa nina deni. Miaka ya nyuma nilikuwa na msichana wa miaka 13 ambaye mama yake alimkagua kila asubuhi na mimi nikamuunga mkono mama: akifika tu, namuuliza kwa ukali amevaa saa ngapi. Alijibu 18 kila mara. Mgongo ukapanda kutoka 28 hadi 40. Siku moja, bresi ikiwa mezani, niliona mikanda yake haina hata mkunjo. Alikuwa anaivua chooni shuleni na kuivaa tena kabla ya kurudi nyumbani. Alikuwa ameambiwa na wenzake kwamba amevaa debe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anaogopa nini, na mimi nilikuwa wa kwanza niliyepaswa kuuliza.

Tangu hapo mtoto huuona mgongo wake kabla ya mzazi hajaongea. Namwekea eksirei kwenye mwanga, namwonyesha pingili, namweleza saa. Halafu namuuliza ni saa zipi sita anazozitaka ziwe zake. Wengine huchagua muda wa michezo, mmoja alichagua kipindi cha madrasa. Mruhusu binti yako achague, na mkishakubaliana usizidai. Nenda shuleni mwenyewe, zungumza na mwalimu wa darasa na mwalimu mmoja wa kike anayemwamini, awe na mahali pa kubadilishia fulana. Sare inunue saizi moja juu. Na kulia mwache alie. Ana miaka 12 na ameambiwa mwili wake utafungwa kwenye plastiki mpaka akaribie 15. Hilo ni jambo la kulilia.

Atavaa mpaka lini? Kwa wasichana kukua hupungua sana kama miaka miwili baada ya kuvunja ungo. Urefu ukisimama na Risser ikafika 4, daktari ataanza kupunguza saa taratibu. Njiani bresi moja au mbili zitakuwa ndogo, jiandaeni kwa gharama hiyo mapema.

Ikiwa pamoja na juhudi zote mpindo utafika 45 au 50 kabla hajakomaa, upasuaji utazungumzwa, na hilo halitakuwa kosa lake wala lako. Mifupa mingine ni mbishi.

Kuzaa, ndiyo, ataweza. Wanawake wenye skoliosisi hubeba mimba na kujifungua kama wengine. Siku hiyo amwambie tu mtoa nusukaputi mapema, kwa sababu sindano ya mgongoni inahitaji kujua pingili zimekaaje.

Kuna mambo ambayo ukiyaona usisubiri miadi: maumivu yanayomwamsha usiku, mguu kuwa dhaifu au kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo, homa na kukonda. Na kama unamjua mtoto ambaye mgongo umetokeza nyuma kwa ncha, kibyongo, badala ya kwenda upande, huyo apimwe kifua kikuu cha uti wa mgongo haraka. Kwetu bado kipo, kinatibika kwa dawa, na bresi peke yake itamchelewesha.

La mwisho ni la kufanya leo jioni. Msimamishe bila viatu kwenye fremu ya mlango, kisigino na kisogo vikigusa, weka alama ya penseli na tarehe. Rudia tarehe hiyohiyo kila mwezi. Ukiona mwezi mmoja amepanda karibu sentimita nzima, usingoje miadi ya kliniki ya kila miezi minne. Mlete mapema, na uje na eksirei zote mbili, ile ya 22 na hii ya 31.